Kalamu Ibaki kwa Mwenyewe

Jumatatu, 26 Agosti

Dkt. Trevarrow anataka tuandike shajara muhula mzima, kwa mkono, na ameapa hataisoma. Kazi yake itakuwa kuhesabu kurasa mwezi Desemba, basi. Ukurasa wa kwanza ndio huu.

Naitwa Senja Rautio, mwaka wa tatu. Fani yangu kuu ni misitu, fani ndogo ni uandishi na mawasiliano. Kila nikirudi nyumbani baba huniuliza, "Na ile fani yako ndogo, imekua?" Nilimweleza kwamba idara ya misitu imejaa watu wanaojua mti unaumwa nini, lakini hawawezi kumwandikia mwenye mti barua akaielewa. Akasema, "Mwambie tu mti wako unakufa." Huyo ndiye baba yangu.

Ili nimalize fani ndogo, lazima nifanye kazi muhula mmoja kwenye Chumba cha Uandishi, ghorofa ya chini ya maktaba. Mwanafunzi anakuja na insha yake, unakaa naye dakika arobaini na tano. Ukutani kuna kanuni nne, na ya kwanza imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote: KALAMU IBAKI KWA MWENYEWE. Sisi tunauliza maswali tu, anayeandika ni yeye. Akiondoka tunajaza fomu ya ripoti inayokwenda kwa mwalimu wake, na chini ya fomu tunatia sahihi kwamba maneno yote ni ya mwanafunzi mwenyewe. Dkt. Trevarrow alitueleza hayo mara tatu kwa siku moja. Tumesikia.

Jumatano, 4 Septemba

Mtu wangu wa kwanza ana umri wa miaka arobaini na tisa. Verner Kallio, mkata miti tangu ujana wake, mpaka mgongo ulipogoma. Aliingia akainama mlangoni ingawa mlango ni mrefu.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Mimi mwanafunzi kama wewe. Niite Senja."

"Sawa, mwalimu."

Anataka kuwa muuguzi. Programu ya uuguzi ina nafasi ishirini na nne kwa mwaka, na waombaji ni zaidi ya mia. Kwanza afaulu kozi ya uandishi ya Dkt. Trevarrow, halafu apeleke insha inayoeleza kwa nini anaitaka kazi hiyo, kabla ya tarehe pili Desemba. Amesema akikosa mwaka huu hatajaribu tena, maana akiba yake ni ya mwaka mmoja na mgongo wake hautamruhusu kurudi msituni. Anaandika kwenye karatasi ya njano, herufi kubwa tupu, akibonyeza mpaka maandishi yanaonekana upande wa pili. Nimempenda.

Jumatatu, 9 Septemba

Mvua. Mtihani wa wadudu wa magome. Hakuna aliyekuja Chumba cha Uandishi.

Alhamisi, 12 Septemba

Kumbe Darlene wa bwaloni ni shemeji yake Verner. Darlene ndiye anayetupakulia chakula cha mchana, na kila mtu kwake ni kipenzi, hata mkuu wa chuo. Leo alinitazama akaongeza viazi bila kuulizwa. "Umekonda, kipenzi. Upepo wa ziwani utakuchukua hivi hivi." Nikamwambia namsaidia Verner na insha, akaacha kupakua na foleni ikasimama.

"Anaendeleaje? Usinifiche."

"Vizuri. Anajitahidi."

"Yule hajui kuongea. Ukimwuliza habari anakwambia hali ya hewa."

Mume wake, Roy, alikuwa kaka yake Verner. Aliangukiwa na mti miaka minane iliyopita wakiwa kazini pamoja. Hawakuwa na watoto, na Verner hakuoa. Kila Jumapili Verner anakula kwa Darlene, na theluji ikianguka ndiye anayemfagilia njia. Aliyekuwa nyuma yangu akakohoa, Darlene akamwambia viazi havina miguu, havitakimbia.

Alhamisi, 19 Septemba

Verner ameleta insha ya uuguzi, ambayo pia ni kazi ya darasa la Dkt. Trevarrow. Nusu ukurasa. Nainakili hapa sehemu yake maana sikuweza kuisahau: "Kaka yangu alikufa msituni. Nilichelewa kufika. Sikujua la kufanya. Nataka kujua la kufanya."

Pembeni Dkt. Trevarrow ameandika kwa kalamu ya kijani: Nionyeshe. Niweke pale ulipokuwa.

"Anataka nini huyu mama?" Verner akaniuliza.

Nikamweleza tunachofundishwa sote kwenye fani hii tangu wiki ya kwanza: msomaji hataki kuambiwa, anataka kuona. Mwangaza, harufu, maneno ya watu. Akaitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, kisha akakaa nusu saa akiitazama karatasi na hakuandika hata neno.

Jumatatu, 23 Septemba

Majani yamegeuka rangi kote mlimani. Watalii wamejaa barabarani, wanapiga picha miti inayojiandaa kulala. Nimekula pasti mbili, zile za nyama na viazi.

Alhamisi, 26 Septemba

Leo nimevunja kanuni ya kwanza. Nitaandika ilivyokuwa.

Insha inatakiwa kesho darasani kwa Dkt. Trevarrow. Verner alikuja na ile ile nusu ukurasa. Nikamwuliza kulikuwa na baridi? Ndiyo. Theluji? Kidogo. Roy alisema nini?

"Hakusema kitu. Nilipofika alikuwa ameshakwenda."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hapo akacheka. "Mtu wa kuchelewa. Alichelewa hata harusi yake. Darlene alikuwa anamwekea chakula kwenye oveni kila siku ya Mungu."

Nikaiona aya yote pale pale, imekamilika. Nikachukua kalamu mkononi mwake, nikasema nitamwonyesha mfano tu. Nikaandika theluji kwenye ndevu za Roy. Nikaandika Verner amepiga magoti, amemshika mkono, na mkono bado una joto. Nikaandika Roy akifungua macho na kusema: "Mwambie Darlene leo nitachelewa." Halafu akafumba.

Verner aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Lakini haikuwa hivyo."

"Ni onyesho," nikasema. "Waandishi wote wanafanya. Ukweli wa ndani ni ule ule."

"Inaruhusiwa?"

"Inaruhusiwa."

Alinitazama kama mtu anayetaka sana kupona anavyomtazama daktari. Akainakili kwa herufi zake kubwa. Mimi nikajaza fomu: mwanafunzi amepiga hatua kubwa, maneno yote ni yake. Nikatia sahihi.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimelala vizuri. Ninaliandika hili kwa sababu nilidhani sitalala.

Alhamisi, 3 Oktoba

Verner amepata alama ya juu kabisa. Alikuja Chumba cha Uandishi bila miadi kunionyesha, kofia mkononi. Dkt. Trevarrow amemwandikia kwamba katika miaka kumi na saba ya kufundisha ameguswa hivi mara chache. Anamwandikia barua ya kumpendekeza kwa kamati ya uuguzi, na anataka aisome insha mbele ya watu Jumamosi ya Familia, siku ya ndugu kutembelea chuo, tarehe kumi na tisa.

Na mimi alinisimamisha kwenye ngazi. "Sijui ulimwuliza maswali gani, Senja, lakini hiyo ndiyo kazi yetu." Nikasema asante. Uso uliniwaka mpaka nikatoka nje kwenye upepo. Sehemu ya joto lile ilikuwa aibu, na sehemu, nisijidanganye, ilikuwa fahari. Ile sentensi ya kuchelewa ni nzuri. Sijawahi kuandika nzuri kuliko hiyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Theluji ya kwanza. Kufikia saa sita mchana ilikuwa imeyeyuka.

Jumatano, 16 Oktoba

Nilimwuliza Verner kama Darlene atakuja Jumamosi. Akasema hapana, Jumamosi bwalo lina wageni, atakuwa kazini. Nikashusha pumzi. Yeye pia, nilimwona.

Jumamosi, 19 Oktoba

Darlene alikuja.

Alibadilishana zamu. Alikaa safu ya tatu na koti lake la kanisani, mkoba mapajani, uso wa mtu anayesubiri mtoto wake aimbe. Verner alimwona akiwa ameshapanda jukwaani. Akanitafuta kwa macho kwenye safu ya nyuma, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwonyesha kidole gumba aendelee.

Alisoma vibaya, kwa sauti ya chini, bila kunyanyua uso, na hilo likaifanya iwe nzito zaidi. Alipofika penye maneno ya Roy alisita. Nilidhani atayaruka. Nilimwomba kimoyomoyo ayaruke. Akayasoma.

Darlene hakulia kwa kelele. Aliinamia mkoba wake tu, mabega yakawa yanapanda na kushuka, na mama wa mtu aliyekuwa jirani yake akamwekea mkono mgongoni. Watu walipiga makofi wamesimama. Kisha Darlene akaenda mbele akamkumbatia Verner kiunoni, maana hafiki zaidi ya hapo, na nikamsikia anasema, "Miaka minane, Verner. Miaka minane nafikiri alikufa bila kuniwaza."

Verner alinitazama juu ya kichwa chake. Nilikuwa na nafasi ya kwenda pale nikasema. Hatua kumi na tano. Nikaenda kusaidia kupanga viti.

Jumatatu, 21 Oktoba

Bwaloni Darlene alinishika mkono juu ya kioo cha vyakula. "Najua ni wewe uliyemtoa maneno. Mimi nimejaribu miaka yote hii nikashindwa. Mungu akubariki, kipenzi." Akanipa vipande viwili vya keki ya tufaha. Nilivila. Sijui mtu mwenye hatia anatakiwa afanye nini na keki, lakini mimi niliimaliza.

Alhamisi, 24 Oktoba

Verner hakuja kwenye miadi.

Jumanne, 29 Oktoba

Mvua yenye barafu. Nimeanza kula mkate chumbani kwangu ili nisipite bwaloni. Sababu niliyompa mwenzangu wa chumba ni kwamba nimechoka na viazi.

Nimejaribu kujipa moyo hivi: Darlene ana furaha. Ameibiwa nini? Nikajipanga hoja nzima, yenye utangulizi na hitimisho, maana ndiyo ninayosomea. Ilikuwa hoja nzuri sana. Tatizo ni kwamba nilimwona dirishani akivuka uwanja kwenda kazini, midomo inatikisika, anaongea peke yake na anatabasamu. Nikajua anaongea na nani.

Jumatano, 6 Novemba

Leo nilipita bwaloni kwa sababu mkate umeisha. Darlene alinipakulia bila kuinua macho. Nikamwuliza kama anaumwa.

"Nimemwambia Verner asije Jumapili."

"Kwa nini?"

"Kwa nini? Niambie wewe uliyesoma. Mtu ana neno la mwisho la mume wangu, ametumwa aniletee, anakaa nalo miaka minane. Amekula mezani kwangu kila Jumapili na hilo neno liko tumboni. Nimemwuliza kwa nini alinificha. Unajua alisema nini? Alisema theluji itaanguka kesho."

Chakula sikukigusa.

Ijumaa, 8 Novemba

Verner alikuja, hakukaa. Alisema amekuja kuniaga, anaacha. Hatapeleka maombi ya uuguzi.

"Kuna karatasi ya kutia sahihi," akasema. "Kwamba yote niliyoandika ni kweli. Nimeishika kalamu mara nne. Siwezi."

"Andika upya. Rudisha ile ya kwanza."

"Dkt. Trevarrow ameshawapelekea barua. Ameyanukuu maneno ya Roy humo ndani. Nikipeleka nyingine wataniuliza, nikijibu watakuuliza wewe. Ulitia sahihi ile fomu, sivyo?"

"Nilitia."

"Basi. Wewe una miaka ishirini. Mimi nilinakili kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia bunduki."

"Na Darlene?"

Alivaa kofia, akaivua. "Kuna kitu nilitakiwa nimwambie siku ile ile. Kitu kingine. Nilikuwa nakitafutia siku nzuri. Sasa nikimwambia hilo lako ni la uongo, atasikiliza langu?"

Sikumwuliza ni kitu gani. Nilikuwa najiuliza watanifukuza au la. Nimeliandika hili waziwazi ili nisije nikalipamba baadaye.

Jumatatu, 11 Novemba

Theluji mpaka magotini. Mbele ya nyumba ya Darlene njia haijafagiliwa. Nimepita mara mbili kuangalia.

Ijumaa, 15 Novemba

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Hakuna anayejisumbua kufundisha leo huku kwetu, madarasa yako nusu na walimu wenyewe wako porini. Niko kambini na baba. Tulikaa kwenye kibanda cha kuvizia tangu kabla ya mapambazuko, mabega yamegusana, chupa ya kahawa katikati. Hairuhusiwi kuongea. Nikaongea. Nilimweleza yote kwa kunong'ona, macho kwenye miti, kuanzia kalamu mpaka njia isiyofagiliwa.

Baba hakugeuza kichwa, nikadhani hakusikia. Ananijua tangu nizaliwe, na sikuwahi kumwogopa, lakini pale nilimwogopa.

"Umemwambia yule mama?" akanong'ona.

"Bado."

"Basi kwa nini unaniambia mimi?"

Dakika kumi baadaye kulungu dume alipita mbele yetu, karibu kabisa. Baba hakunyanyua bunduki. Tulimwangalia mpaka akapotea. Kisha baba akasema Jumapili atanirudisha chuoni mapema, barabara itakuwa mbaya.

Jumatatu, 18 Novemba

Nilianza na Darlene, maana niliogopa kwamba nikianza na Dkt. Trevarrow nitajiona nimemaliza.

Nilisubiri mpaka saa nane, foleni ilipokwisha, nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma. Alikuwa anasugua sinia. Nikasema nimekuja kumwambia jambo kuhusu insha ya Verner. Nikasema Roy hakusema yale maneno. Nilikuwa nimejiandalia maelezo mengi ya mbele na ya nyuma, yote yakaniishia mdomoni.

Aliendelea kusugua. "Nani aliyatunga?"

"Mimi."

"Verner?"

"Verner aliniambia Roy alikuwa ameshafariki alipofika. Aliniambia haikuwa hivyo. Mimi nikamwambia inaruhusiwa."

Alifunga bomba. Mpishi mwingine akatoka na ndoo bila kuambiwa.

"Nilikuwa nayasema," Darlene akasema. "Asubuhi, nikivaa viatu. 'Mwambie Darlene leo nitachelewa.' Kwa sauti yake. Sauti yake nilikuwa nimeisahau, unajua? Ikarudi. Kwa maneno yako wewe."

"Samahani."

"Nyamaza kwanza." Alijifuta mikono, kidole kimoja kimoja. "Nimefiwa na mume mmoja mara mbili. Ya kwanza ulikuwa mti, na mti haujui. Ya pili ni msichana niliyekuwa nikimpa viazi."

Nilisimama tu.

"Sasa toka," akasema. "Umeingia na viatu vya theluji jikoni kwangu."

Kutoka pale nikaenda kwa Dkt. Trevarrow. Nilimwonyesha ile karatasi yangu ya mfano, ambayo Verner alikuwa ameiacha mezani siku ile baada ya kuinakili na mimi nimeitunza. Nimeitunza kwa sababu niliipenda. Nilimwambia na hilo.

Alivua miwani. Alisoma, kisha akafungua kabati akatoa ile nusu ukurasa ya kwanza ya Verner, iliyokabidhiwa pamoja na insha, akaziweka pamoja. Alikaa akiliangalia neno lake la kijani pembeni. "'Nataka kujua la kufanya,'" akasoma. "Alishanionyesha, na mimi nikamwambia anionyeshe." Halafu akaniambia nikabidhi ufunguo wa Chumba cha Uandishi, na kwamba nitarudia muhula huu kama fani ndogo naitaka bado. Kamati ya uuguzi ataiandikia yeye leo leo, aifute barua yake na aeleze kosa ni la nani.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimejisikia vile vile, ila sasa nimechoka.

Jumanne, 19 Novemba

Kamati imemruhusu Verner apeleke insha mpya. Tarehe ya mwisho haibadiliki. Dkt. Trevarrow alimpigia simu mara mbili, hakupokea.

Alhamisi, 21 Novemba

Ufunguo nimerudisha. Njia ya Darlene haijafagiliwa.

Jumapili, 24 Novemba

Nilikwenda kwa Verner, anakaa nyuma ya karakana ya matrekta. Nilimwambia Darlene anajua, Dkt. Trevarrow anajua, kamati itapokea insha mpya, hana tena haja ya kunilinda. Alikuwa mlangoni na soksi, hakunikaribisha ndani na sikustahili.

"Alisemaje?"

"Alinifukuza."

"Mm." Akaangalia mvuke wa pumzi yake. "Wewe umekwenda mwenyewe ukamwambia? Kwa mdomo?"

"Ndiyo."

"Na bado uko hai."

Akafunga mlango taratibu, bila hasira. Nilirudi kwa miguu. Siku nane zimebaki.

Alhamisi, 28 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Shangazi zangu wote, bata mzinga mkavu kama kawaida. Mezani kila mtu hutaja anachoshukuru. Zamu yangu ilipofika baba akasema nimpitishie chumvi, akaniokoa.

Jumanne, 3 Desemba

Tarehe ya mwisho ilikuwa jana. Sijui kama alipeleka. Sina haki ya kuuliza na sina wa kumwuliza.

Ijumaa, 6 Desemba

Njia ya Darlene imefagiliwa. Kingo zimenyooka, hadi ngazi ya mwisho.

Alhamisi, 12 Desemba

Mitihani imekwisha. Leo bwalo linafungwa, na nilikwenda saa ya mwisho nikitumaini yuko mtu mwingine. Alikuwa Darlene. Aliniwekea chakula, akatoka nyuma ya kioo akaketi mbele yangu. Hajawahi kuketi na mwanafunzi.

"Kula. Sijaja kukusamehe, nimekaa kwa sababu miguu inauma."

Nikala.

"Verner alikuja Jumapili ile ya baada ya Shukrani. Akasimama kizingitini akasema ana kitu, nikamwambia akinitajia hali ya hewa nampiga na mwiko. Akaniambia."

Siku ile Roy alikuwa anakata, Verner amekwenda kwenye lori kunywa kahawa. Akasikia msumeno umezimika. Akafikiri Roy anapumzika, na kahawa ilikuwa ya moto, akaimaliza. Ndipo akaenda. Hicho ndicho alichokaa nacho miaka minane.

"Kahawa," Darlene akasema. "Daktari alishaniambia wakati ule, Roy alikufa papo hapo. Asingemkuta hai hata kama angeruka. Yeye hakuniuliza na mimi sikumwambia, sote tulikuwa tunakula tu kila Jumapili. Nimemkasirikia. Nitamkasirikia mpaka Krismasi, halafu atakuja kula."

"Alipeleka insha?"

"Alipeleka. Ameandika kahawa yote, mpaka tone la mwisho. Jumatatu walimwita wamsaili, jana wamempa nafasi. Anaanza Agosti." Alisema hivyo akiangalia dirishani.

Nikaweka uma chini. Nilitaka kusema nimefurahi, nikaona furaha hiyo si yangu.

"Lakini sicho nilichokaa kukwambia," akasema. "Nilimwuliza, ulipofika ulifanya nini? Akasema hakufanya kitu. Nikamwambia, Verner, kutoka pale mpaka watu wa kuokoa wafike ni saa nzima na nusu, mtu hawezi kukosa kufanya kitu. Akasema, basi, alivua koti akamfunika. Theluji ilikuwa inamwangukia Roy usoni, akawa anaipangusa. Inaanguka, anapangusa. Saa nzima na nusu. Na akawa anamsimulia habari za mbwa waliyekuwa naye utotoni, kwa sababu hakujua la kusema lingine. Huyo Verner, asiyejua kuongea."

Mtu alikuwa anapandisha viti juu ya meza upande wa pili wa bwalo.

"Miaka minane nilitaka kujua kitu kimoja tu, kama Roy alikuwa peke yake. Verner alidhani hilo si kitu, ndiyo maana hakulisema. Wewe ulikaa naye, kalamu na karatasi, kazi yako kuuliza." Alinitazama, bila ukali, na ningependa angekuwa mkali. "Hukumwuliza?"

"Nilimwuliza Roy alisema nini," nikasema.

"Na Verner alifanya nini?"

Nikatikisa kichwa. Alisubiri kidogo, labda niongeze kitu. Kisha akainuka, akachukua sinia langu, akaenda kuzima majiko.